Saa sita zilizopotea kwenye daftari la Mama Taa

“Geuka, mwanangu. Geuka nikuone.”

Saa mbili na dakika tano asubuhi, ndani ya chumba kisicho na dirisha, mwanamke wa miaka hamsini na nne anazungumza na yai. Amelishika kwa vidole vitatu juu ya kisanduku cha mbao chenye tundu, na ndani ya kisanduku inawaka taa. Mwanga unapenya ganda, yai zima linakuwa jekundu, na ndani yake inaonekana mishipa myembamba ya damu iliyotandaa kama mizizi ya mche.

Analizungusha robo mzunguko, kisha anatulia. Kivuli cheusi kilicho katikati kinajivuta upande, kama mtu aliyenyang’anywa shuka.

“Namba nne yupo,” anasema, na kulirudisha kwenye trei.

Namba tano ni kimya. Mishipa imefifia, kivuli kimelala chini. Analizungusha tena, anahesabu kimoyomoyo hadi thelathini, analizungusha mara ya tatu. Anayemtazama anaweza kudhani amesahau anachokifanya.

“Huyu ametuacha,” anasema hatimaye. “Asante, mwanangu.”

Anachora msalaba mdogo wa penseli kwenye ganda. Kisha anafungua daftari na kuandika kwa herufi kubwa: SAA 2 ASUBUHI. Mbele yake, ndani ya mabano, anaongeza 08:00. Anazitazama tarakimu hizo kama mtu anayejizoesha viatu vipya.

Kazini wanamwita Mama Taa. Ni mpimaji wa mayai katika maabara inayotengeneza chanjo ya kideri, ugonjwa wa kuku ambao wengine huuita mdondo. Chanjo hiyo hukuzwa ndani ya mayai yenye vifaranga vichanga, na kazi yake ni kutazama ndani ya ganda bila kulivunja na kusema nani yu hai na nani amekufa. Amefanya hivyo kwa miaka ishirini na tatu. Kwa hesabu yake mwenyewe, amekwisha kuyapitisha mayai zaidi ya laki nne juu ya taa.

Lakini mayai ya Ijumaa hii ni kumi tu, na hajapata kuyatazama mayai kwa moyo unaodunda namna hii.

Saa nane mchana kamati ya maabara itakaa kuamua kama chupa kumi na saba zilizomo kwenye jokofu la chumba cha ndani zichomwe moto. Ndani ya chupa hizo mna kirusi kipole cha kideri, mbegu mama ambayo chanjo yote hutokana nayo. Zikichomwa, itabidi kutafuta mbegu nyingine kutoka mbali na kuanza majaribio upya. Wafugaji watakaa misimu miwili bila chanjo.

Na chanzo cha yote ni neno “saa” katika daftari la Mama Taa.

Ili kuelewa kilichotokea, ni lazima kwanza kuelewa wanachokiogopa watu wa maabara hii. Mama Taa hueleza vizuri kuliko vitabu, labda kwa sababu mume wake ni fundi cherehani.

“Kirusi hakina akili,” anasema, akivua glavu na kunawa mikono kwenye sinki la mawe. “Hakijui yai wala kuku. Kinachokijua ni kujinakili tu. Sasa chukulia fundi ana kielelezo cha karatasi cha gauni. Leo anakata kwa kielelezo. Kesho mvivu, anatandika gauni la jana juu ya kitambaa anakatia hapohapo. Keshokutwa anakatia la kesho. Mkasi hauendi sawasawa kila siku. Huku umeingia kidogo, kule umetoka kidogo. Baada ya magauni ishirini, hilo si gauni lile.”

Ndivyo virusi vinavyobadilika. Kila kinapojinakili, kirusi hukosea hapa na pale. Makosa mengi ni hasara tupu, na nakala zenye makosa hayo hufa bila mtu kujua. Lakini mara mojamoja kosa huangukia pazuri. Nakala hiyo huingia kwenye chembe za mwili kwa urahisi zaidi au huzaana upesi zaidi, na baada ya muda inazipita nyingine zote kwa wingi.

“Na mteja je?” anaongeza Mama Taa, akiinua kidole chenye maji. “Kama mteja wako ni mmoja kila siku, na magauni yasiyomkaa unayatupa, basi gauni litazidi kumkaa yeye tu. Kirusi ukikipitisha yai kwa yai, yai kwa yai, kinazoea yai. Kinasahau kuku. Au kinakuwa kikali. Sisi tunataka kile kipole, kinachomwonyesha kuku sura ya adui bila kumuua. Kwa hiyo hatukatii juu ya gauni la jana. Tunarudi kwenye karatasi.”

Karatasi ndiyo zile chupa kumi na saba. Kutoka kwenye mbegu mama, kirusi hakiruhusiwi kupitishwa kwenye mayai zaidi ya vizazi vitano. Kila mwaka mbegu yenyewe hupimwa kuona kama kirusi chake bado ni kipole. Mayai kumi hudungwa tone moja la kirusi, kisha huhesabiwa saa mpaka kila kifaranga afe. Kirusi kikali huua upesi. Kipole huchelewa. Mstari umewekwa kwenye saa tisini: wastani ukiwa juu ya hapo, mbegu inafaa, ukishuka chini, kuna jambo limebadilika.

Mwaka huu kompyuta ilitoa jibu la themanini na saba.

Mkuu wa maabara, daktari wa mifugo ambaye wote humwita Daktari tu, anakumbuka alivyoisoma karatasi hiyo akiwa amesimama. “Nilikaa chini. Miaka yote namba haijashuka chini ya tisini na mbili. Nikajiuliza, tumekipitisha mara nyingi mno bila kujua? Au mbegu tuliyorithi haikuwa na vizazi tulivyoambiwa?”

Swali hilo la mwisho ndilo lililomuuma Mama Taa. Mbegu iliwekwa kwenye chupa na daktari aliyestaafu miaka minne iliyopita, mtu aliyemfundisha kazi.

Alipoajiriwa, Mama Taa alikuwa msafishaji. Alikuwa amesoma miaka saba tu. Aliosha chupa asubuhi, akafuta sakafu mchana, na jioni akabeba ndoo ya mayai yaliyokataliwa kupeleka kwenye tanuri. Siku moja alimuuliza daktari yule mzee walijuaje kuwa mayai hayo ni mabovu na yote yanafanana.

“Wengine wangeniambia shika ufagio wako,” anasimulia. “Yeye alivuta kiti. Akasema, ‘Kaa, nikuonyeshe.’ Mpaka leo nikiona kiti hicho kimekaa vibaya nakinyoosha.”

Tangu siku hiyo, wakati wa chakula cha mchana alikuwa akichukua mayai ishirini kutoka kwenye ndoo, anayaweka juu ya taa, anaandika kwa kila moja: hai au mfu. Kisha mzee anayavunja na wanahesabu. Wiki ya kwanza alipatia kumi na moja. “Hata aliyefumba macho angepata hayo,” anacheka. Mwezi wa tatu alipatia kumi na tisa. Mwezi wa tano mzee alimpa koti jeupe na kumwambia ndoo wataibeba wengine.

Hayo yote yamo kwenye daftari la kwanza. Sasa ameshika la thelathini na moja. Mengine yamepangwa kabatini kwa miaka, yamefunikwa kwa plastiki, na kila ukurasa una safu nne zilizochorwa kwa rula: tarehe, namba ya yai, hali, saa.

Safu ya nne ndiyo iliyoleta balaa.

Kwa miaka yote mzee ndiye aliyekuwa akiyasoma madaftari hayo na kupiga hesabu mwenyewe. Mama Taa akiandika “saa 2”, alijua ni baada ya chai ya asubuhi. Akiandika “saa 10”, alijua ni kabla ya kufunga milango. Hakukuwa na saa nyingine za kupima. Mzee alipostaafu, Daktari aliendelea vilevile. Mwaka huu ndipo kazi ya kuingiza takwimu ilipokabidhiwa mtu wa kompyuta, baba wa watoto watatu, mcheshi, mwenye vidole vyepesi. Wenzake humwita Tarakimu.

Tarakimu ameizoea kompyuta inayohesabu siku kuanzia usiku wa manane. Alipokuta kwamba mayai yalidungwa 16:00, kwa mwandiko wa Daktari, aliandika 16:00. Alipokuta “saa 2” kwa mwandiko wa Mama Taa, aliandika 02:00. Alipokuta “saa 10”, aliandika 10:00.

“Na mimi nazungumza Kiswahili tangu tumboni!” anasema Tarakimu, akishika kichwa kwa mikono miwili. “Mke wangu nikimwambia narudi saa kumi na mbili, hanitegemei mchana. Lakini nikikaa mbele ya hii mashine, sijui akili yangu inabaki mlangoni na viatu.”

Kwa hiyo kila kifo cha kifaranga kiliandikwa saa sita kabla ya wakati wake. Wastani wa tisini na tatu ukawa themanini na saba. Kirusi kilichokuwa kimetulia kwenye chupa yake kikaonekana kimeota meno.

Hakuna aliyejua. Daktari alifuata utaratibu: aliandika barua, tarehe ya kuchoma ikapangwa, na barua ikabandikwa kwenye mlango wa jokofu. Mama Taa aliisoma akiwa na trei mkononi. Hakubisha. Alikwenda kwa Tarakimu kuomba kunakili matokeo kwenye daftari lake, kwa sababu hata habari mbaya huwa anaiandika.

Mazungumzo yaliyofuata yamekuwa maarufu maabara nzima, na wote wawili huyasimulia kwa furaha, kila mmoja akimwigiza mwenzake.

“Hapa ni nani alipima?” aliuliza Mama Taa, akiweka kidole kwenye kioo.

“Si wewe, mama.”

“Mimi? Saa nane za usiku?”

“Saa nane wapi? Hiyo ni saa mbili. Umeandika mwenyewe: saa mbili.”

“Saa mbili, baba, watu wamekunywa chai, jua liko juu ya paa! Hii hapa, sifuri mbili, ni usiku. Usiku huo mimi nakoroma, muulize mume wangu.”

Tarakimu aliisoma tena ile sifuri mbili. Kisha, anasema Mama Taa, masikio yake yalibadilika rangi. “Akavuta daftari. Akatazama. Akatazama kompyuta. Akasema ‘Yarabi’ mara tatu, sauti ikishuka kila mara.”

Wangeweza kurekebisha namba dakika hiyohiyo, na Tarakimu alikuwa tayari kidole juu ya kitufe. Mama Taa ndiye aliyemzuia. Walikwenda kwanza kwa Daktari, na daftari kwapani.

Daktari aliwasikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema jambo ambalo Mama Taa anakiri lilimuuma wakati ule, ingawa sasa analiona kuwa la haki.

“Nilimwambia, mama, sikukatalii. Lakini daftari halisemi asubuhi wala jioni,” anasema Daktari. “Nikibadilisha namba baada ya jibu kutoka, na jibu jipya ndilo tunalolipenda, mtu wa nje atasema tumepika. Nami ningesema hivyo ningekuwa yeye. Ninawapenda wafanyakazi wangu, lakini kwenye hili nitayauliza mayai.”

Aliomba kamati isogeze uamuzi hadi Ijumaa ya wiki iliyofuata. Ndiyo Ijumaa hii. Mayai kumi mapya yalidungwa Jumatatu saa kumi jioni, matundu yakazibwa kwa nta. Safari hii yanapimwa mara tatu kwa siku, na saa zinaandikwa kwa namna zote mbili.

Namba tatu lilikufa Jumanne asubuhi. Hilo halihesabiwi: kifaranga anayekufa kabla ya siku moja kuisha mara nyingi ameumizwa na sindano, si kirusi. Yakabaki tisa. Namba sita lilikufa jana jioni, saa ya sabini na mbili, mapema kuliko walivyotarajia. Usiku huo Mama Taa alikula matonge mawili tu.

Asubuhi hii, saa ya themanini na nane, yamekufa mawili kwa mpigo: namba tano na namba tisa.

“Sita,” anasema, akifunika trei kwa kitambaa na kuyarudisha kwenye mashine ya kutotolea. Anakaa kwenye ngazi ya nyuma na kupiga hesabu kwa penseli kwenye kiganja cha glavu kuukuu. Anaipiga mara mbili, kisha mara ya tatu kwa kuanzia chini. “Adhuhuri nikiyakuta matatu yapo hai, wastani unavuka tisini. Hata kama yatakufa yote jioni, umevuka. Yakiwa mawili, tumekwisha.”

Simu inalia mfukoni. Ni mdogo wake wa kike, ambaye anafuga kuku na kutaka kujua kila kitu kwa wakati mmoja.

“Dada, hayo mayai yenu hayajaiva tu?”

“Hatuyapiki, wewe.”

“Siku tano kwenye joto! Mimi ningekuwa nimeshaweka chumvi. Haya, chanjo ipo au haipo?”

“Sijui.”

“Hujui, au hutaki kusema?”

“Sijui, mdogo wangu. Nikijua nitakupigia.”

Kisha mdogo mtu anasema kwa sauti nyingine, “Sawa, dada. Kula kitu.”

Wote wawili wanajua wanachokiongelea. Walipokuwa wadogo, mama yao alikuwa na kuku hamsini na wawili. “Jumatatu tulihesabu hamsini na wawili,” anasema Mama Taa. “Jumatatu ya pili tulibaki na jogoo mmoja, naye shingo imepinda, anatazama juu kama anaulizia mvua. Mama hakulia. Alifagia uwanja. Alifagia mpaka pasipokuwa na unyoya. Ninachokumbuka mimi ni ukimya wa asubuhi. Ulikuwa hujui uamke saa ngapi.”

Saa sita kasoro dakika tano, chumba cha taa kimejaa kuliko kawaida. Daktari amesimama ukutani, mikono nyuma. Tarakimu amekuja na karatasi mbili na kalamu tatu.

“Mama, nikushikie trei?”

“Shika mdomo kwanza. Unawashtua watoto.”

Taa kubwa inazimwa. Kisanduku kinawaka. Saa sita kamili, saa ya tisini na mbili tangu sindano, Mama Taa ananyanyua yai la kwanza.

Namba moja linawaka jekundu. Analizungusha, anatulia. Kivuli kinapiga teke. “Yupo.”

Namba mbili linachukua muda. Robo mzunguko, kimya. Robo nyingine, kimya. Anahesabu, na midomo yake inaonekana ikicheza kwenye mwanga mwekundu. Anapofika ishirini na kitu, kivuli kinanyooka kidogo, kivivu. “Yupo, lakini amechoka.”

Namba nne. Mishipa imetandaa vizuri, kivuli kinajivuta bila kuulizwa.

“Yupo.”

“Matatu!” Tarakimu anaruka, kalamu zinaanguka. “Mama, matatu! Tumevuka!”

“Mayai yako sita, baba,” anasema Mama Taa bila kuinua macho. “Namba saba.”

Namba saba limekufa. Analizungusha mara tatu kama alivyofanya asubuhi kwa namba tano, anahesabu thelathini, anachora msalaba, anashukuru. Namba nane yupo. Namba kumi yupo, “tena huyu ana fujo.”

Daktari anawasha taa kubwa. Kisha anachukua karatasi ya Tarakimu, anajumlisha mwenyewe, anagawanya. Hata mayai yote matano yaliyobaki yakikutwa yamekufa jioni, wastani utakuwa tisini na moja.

“Nisamehe, mama,” anasema Daktari.

“Kwa lipi?” Mama Taa anashangaa kwelikweli. “Ungenikubalia juzi kwa maneno matupu, leo ningekuwa na wasiwasi bado. Nami ndiye niliyeandika saa bila kusema asubuhi wala jioni, miaka ishirini na tatu. Mtu yeyote angepotea humo.”

Tarakimu anaokota kalamu zake. “Mimi nilipotea na taa ikiwaka.”

“Ndiyo maana ukaitwa Tarakimu. Wangekuita Saa, tungekoma.”

Kamati ilikaa dakika arobaini. Watu wanne waliingia na mafaili na kutoka na mafaili hayohayo. Daktari alitoka wa mwisho, akaenda moja kwa moja kwenye mlango wa jokofu na kuibandua barua. Gundi ilibaki kwenye pembe, akaikwangua kwa ukucha.

Mama Taa hakuwapo kwenye korido. Alikuwa kwenye sinki la mawe akiosha chupa, kazi ambayo si yake tena tangu zamani. Alipopewa habari aliendelea kuosha chupa iliyokuwa mkononi, akaisuuza mara mbili, akaipindua juu ya waya. Ndipo alipojifuta macho kwa mkono wa koti.

“Unajua ninachoshukuru?” anasema baadaye, akiwa ameketi ngazini na kikombe cha chai, chakula chake cha kwanza siku nzima. “Nashukuru kwamba niliulizwa. Nilikuja hapa na ufagio. Leo watu wenye shahada wamesubiri niseme ‘yupo’ au ‘hayupo’, na nikisema, wanaandika. Namshukuru mzee aliyevuta kiti. Namshukuru Daktari kwa ugumu wake. Hata huyu kichaa wa kompyuta namshukuru. Asingekosea, tusingejua kwamba sote tumekuwa tukisoma saa kwa kukisia.”

Anakunywa kidogo.

“Na hawa watoto wa mayai. Hakuna aliyewaomba ruhusa. Mimi angalau niseme asante.”

Tangu wiki iliyopita safu ya nne katika daftari la thelathini na moja imekuwa safu mbili. Tarakimu amempangia fomu mpya, na ameomba kufundishwa kutumia taa, mayai ishirini kila chakula cha mchana. Jana alipatia tisa. “Ameanza chini yangu,” anasema Mama Taa kwa staha, “lakini mapema mno kumsema.”

Wiki ijayo chupa moja kati ya kumi na saba itafunguliwa kutengeneza chanjo ya msimu. Mayai mia tatu yameagizwa. Ana miaka sita kabla ya kustaafu, na nia yake ni kuacha watu watatu wanaoweza kuona anachoona yeye. Lakini kwanza, Jumapili, anataka kwenda kwa mzee. Macho ya mzee yamefifia sasa, haoni hata mwanga wa dirisha, ila kila akitembelewa huuliza habari za mbegu.

Mbona asimpigie simu leo?

“Ataniuliza wastani,” anajibu. “Nikimwambia ‘si chini ya tisini na moja’ atasema, ‘Mama, hiyo si namba, hiyo ni dua.’ Namjua. Nitakwenda nikiwa nayo kamili.”

Saa kumi jioni anaingia tena kwenye chumba cha giza. Namba mbili, yule aliyechoka, amekufa. Namba moja, nne, nane na kumi wapo. Anaandika SAA 10 JIONI, na mabano, na 16:00. Anayafuta maganda manne kwa kitambaa kikavu, anayarudisha kwenye mashine, anatazama kipimajoto, anafunga mlango kwa goti kwa sababu bawaba imelegea.

Chini ya ukurasa, kwenye mstari wa wastani, anaacha nafasi tupu. Kisha anavua koti, anazima kisanduku, na kwenda nyumbani.